Mpelelezi Aliyeandika Mwisho Kwanza

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi kwenye viti hivi vya plastiki, familia imekutana, ikazungumza, ikabishana kidogo kama ilivyo kawaida yake, na hatimaye ikakubaliana kwamba maisha ya ndugu yetu, ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa jina la Mpelelezi, yasomwe na mdogo wake, yaani huyu mwanamke mfupi mwenye miwani aliyesimama mbele yenu, na kwa kuwa maandishi ya namna hii hayana nafasi ya mtu kusema mimi, mimi, basi kila litakapotajwa neno mdogo wake mjue ndiye huyu huyu anayesoma. Mtamsikia akitajwa mara nyingi kuliko ilivyozoeleka. Wifi yake alizihesabu jana, akamshauri apunguze, na amepunguza.

Jambo moja zaidi kabla hatujaanza, ukurasa wa mwisho wa historia hii haukuandikwa na mdogo wake, umo ndani ya bahasha hii ya kaki iliyo hapa mezani, imebandikwa gundi na kutiwa sahihi ya marehemu juu ya mdomo wake, na hakuna mtu aliyeifungua. Sababu yake mtaielewa tukifika.

Marehemu alizaliwa Jumamosi ya tarehe 3 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mpishi wa bweni la wauguzi, mdogo wake akafuata tarehe 19 Juni 1954, na uzazi ukaishia hapo, mama akisema wawili hawa wanamtosha kwa kelele. Jina la Mpelelezi alipewa Aprili 1960, sukari ya kwenye kopo la bluu ilipopungua siku nne mfululizo, naye akiwa na miaka tisa akajitolea kuichunguza kesi, akawakusanya sebuleni baba, mama, mdogo wake na mpangaji wa chumba cha uani, akawapanga kwenye kochi, akatembea mbele yao mikono nyuma, akawakagua vidole kimoja kimoja, akasimama mbele ya mdogo wake na kutangaza kwamba ndiye. Mdogo wake alichapwa. Hakuwa ameila sukari ile, na aliyeila alimwona kwa macho yake kupitia upenyo wa mlango, amesimama juu ya stuli na kijiko cha kupakulia, lakini aliyeila ndiye huyo huyo aliyekuwa akipeleleza, na mtoto wa miaka mitano hana pa kuipeleka kesi ya namna hiyo.

Marehemu alianza darasa la kwanza Januari 1958 katika shule ya msingi iliyotazamana na posta, akamaliza mwaka 1964, akaendelea na sekondari ya bweni ya wavulana kuanzia 1965 hadi 1968, na huko insha zake zilisomwa mbele ya shule nzima siku za Ijumaa, walimu wakishika mbavu kwa kicheko. Mdogo wake naye alisoma shule ile ile ya msingi, naye aliandika insha, na alipokuwa darasa la sita moja ya insha hizo ilipata alama zote, mwalimu akamwita mezani na kumuuliza kwa upole kama kaka yake amekuja likizo. Hakuwa amekuja. Siku ile mdogo wake alianza kuona wivu, na neno hilo limewekwa hapa kwa makusudi, halikuponyoka, kwa sababu asiyelijua hataielewa kazi ya marehemu hata nusu.

Tarehe 1 Februari 1971 aliajiriwa na kampuni ya bima kuwa karani wa madai, ghorofa ya pili, meza ya dirishani juu ya duka la matairi, akakaa pale miaka kumi na saba akisoma barua za watu waliounguliwa na nyumba, walioibiwa magari na waliofiwa na waume waliokuwa na afya njema, na humo, kama alivyopenda kusema, ndimo alimojifunza kwamba mtu mkweli husahau tarehe na mwongo huzikumbuka zote. Mdogo wake anaomba ieleweke kwamba tarehe za historia hii amezitoa kwenye vyeti.

Riwaya zake za uhalifu aliziandika saa ya chakula cha mchana, kwa penseli, kwenye madaftari ya hesabu yenye mistari ya mraba, na alikuwa na utaratibu ambao mpaka leo mdogo wake hajausikia kwa mwandishi mwingine, kwani sura ya mwisho aliiandika kwanza kabisa, kabla hata hajajua mpelelezi wake anavaa viatu gani, akaitia kwenye bahasha ya kaki, akabandika gundi, akasaini juu ya mdomo wa bahasha na kumkabidhi mdogo wake aihifadhi, akieleza kwamba mwandishi akiuona mwisho wake kila siku huanza kuuegemea, na msomaji huung'amua tangu ukurasa wa kumi. Mdogo wake aliiweka kwenye droo, chini ya vitambaa vya meza. Madaftari yalipoanza kuja, moja moja, aliyapiga chapa jioni akitoka ofisi ya maji, alikokuwa mpiga chapa tangu 1973, maneno sabini kwa dakika bila kutazama vidole, nakala mbili kwa karatasi ya kaboni, na daftari la mwisho likishakwisha ndipo aliporuhusiwa kuifungua bahasha, akaipiga chapa nayo, akaufunga mzigo wote kwa uzi na kuupeleka mwenyewe kwa mchapishaji. Marehemu hakugusa tena kitu. Hata prufu, zile kurasa za majaribio za kusahihishwa, hakuzisoma, alisema zinamtia kichefuchefu, kwa hiyo prufu nazo zilisomwa na mdogo wake.

Kwa njia hiyo vilitoka vitabu sita kati ya mwaka 1976 na 1987. Cha kwanza, Kiatu Kilichobaki, alikitabaruku kwa mama, cha pili kwa baba, cha tatu kwa mchumba wake, cha nne kwa mchumba yule yule ambaye sasa alikuwa mke, cha tano kwa mtoto wake wa kwanza, na cha sita kwa mbwa wa jirani aliyegongwa na gari wakati kikiandikwa, mbwa ambaye, kusema haki, alikuwa mpole. Mdogo wake aliupiga chapa ukurasa ule wa mbwa bila kukosea herufi hata moja.

Tarehe 12 Desemba 1981, siku ya Jumamosi, marehemu alifunga ndoa na mwalimu wa hisabati, mwanamke mrefu, mcheshi, mwenye tabia ya kuanzia ukurasa wa mwisho ili ajue kama kitabu kinastahili kusomwa, na mdogo wake alimpokea wifi huyo kwa vigelegele vilivyosikika mtaa wa pili, huku moyoni akijiuliza kuanzia sasa ni nani atakayeonyeshwa mambo kwanza. Wifi naye, amekiri mwenyewe juzi tukiwa tunaosha vikombe, aliionea wivu droo ile kwa miaka tisa, na siku moja alikuja kuazima kitambaa cha meza ambacho hakukihitaji. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 8 Septemba 1983, ambaye leo ni mhandisi wa barabara, na wa kiume aliyezaliwa tarehe 27 Mei 1988, ambaye ni fundi wa sauti kwenye filamu, na ndiye aliyefunga maikrofoni hii mnayoisikia haikwaruzi.

Sasa tufike kwenye Kikombe cha Sita, maana wengi wenu ndicho kilichowaleta. Marehemu aliacha kazi ya bima mwishoni mwa Februari 1988 ili aandike tu, bahasha ya kitabu hicho alimpa mdogo wake Januari 1989, madaftari yakafuata, yote kumi na moja, habari ya mfanyabiashara wa magodoro anayekunywa chai na wageni watano, anaanguka na kikombe mkononi, na mpelelezi, rafiki yake wa zamani aliyekuwa mmoja wa wageni hao, anawakusanya wote waliokuwamo nyumbani ili amtaje muuaji. Mdogo wake aliifungua bahasha Jumamosi ya tarehe 10 Machi 1990, saa nane mchana, mezani kwake, chai pembeni, akakuta kwamba muuaji ni mpiga chapa wa tajiri, mwanamke mfupi mwenye miwani, asiyesema sana, aliyemwonea bosi wake wivu kwa miaka kumi na minne.

Alikaa na karatasi zile mapajani mpaka chai ikapoa. Kilichomuuma si kuonekana kwamba ana wivu, kwa sababu wivu alikuwa nao, bali kujua kwamba kaka yake alikuwa ameuona miaka yote hiyo na hakuufanyia lolote isipokuwa kuuweka akiba aje autumie. Basi alitia karatasi kwenye mashine, akaandika sura nyingine, kurasa kumi na moja, bila rasimu, na ilipofika jioni muuaji alikuwa mpelelezi mwenyewe, yule yule aliyewapanga watu kwenye kochi na kutembea mbele yao mikono nyuma, kwani ndiye aliyemimina chai yenye sumu katika kikombe cha sita, kile cha tajiri. Mpiga chapa hana ruhusa ya kubadilisha hata nukta, na mdogo wake alilijua hilo kila alipobonyeza herufi. Sura ya marehemu aliirudisha ndani ya bahasha, akaiweka chini ya vitambaa, na Jumatatu akaupeleka mzigo kwa mchapishaji kama kawaida.

Kitabu kilitoka tarehe 14 Agosti 1990, siku ya Jumanne, na tafrija ilifanyika ofisini kwa mchapishaji, chumba chenye feni moja na mabunda ya vitabu yaliyofika darini, na huyo mchapishaji, mtu mnene mwenye furaha, akapanda juu ya kiti na kuanza kusoma kurasa mbili za mwisho kwa sauti, wakati mdogo wake yuko mlangoni na trei ya soda. Marehemu alisikiliza. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena, akamtazama mdogo wake kwa muda ambao mtu angehesabu mpaka tano, kisha watu wakalipuka kwa makofi, naye akainamisha kichwa na kuwashukuru. Kwenye picha iliyotoka gazetini kesho yake mdogo wake alikatwa, ulibaki mkono wake tu na trei.

Mengine mnayajua, kwamba kitabu kilichapwa mara tisa, kikaingia mashuleni, kikawa filamu mwaka 1994, na marehemu mwenyewe akaandika skripti yake, akaipenda kazi hiyo, akaendelea nayo hadi 2016, filamu saba na tamthilia moja ya televisheni yenye vipindi arobaini, akiwa na chumba chake cha kazi kilichojaa ukutani kadi za rangi za kupangia matukio na vijana waliomwita mwalimu. Alipoulizwa na waandishi wa habari wapi alikoupata mwisho wa Kikombe cha Sita alijibu kwamba ulimjia, mara ulimjia akiwa bafuni, mara akiwa kwenye foleni ya benki, na mdogo wake alizikata habari hizo zote kwenye magazeti na kuzihifadhi, bafu huku, benki kule.

Mdogo wake alingoja agombezwe au ashukuriwe, lolote kati ya hayo mawili lingemtosha, na hakupata lolote. Alichopata ni kwamba mwezi Januari 1991 marehemu alinunua kompyuta, akaja nyumbani kwa mdogo wake na kitambaa kizuri cha gauni, akamwambia sasa avipumzishe vidole, na riwaya zake tatu zilizofuata alizipiga mwenyewe, hapakuwa tena na daftari wala bahasha. Gauni hilo hakulishona. Mwaka 1993 aliandika riwaya yake mwenyewe, madaftari manane, akampelekea kaka yake aitazame, marehemu akakaa nayo miezi minne na kuirudisha ikiwa imesahihishwa mikato kwa penseli, bila neno jingine lolote, si zuri, si baya, na mdogo wake akayaweka madaftari hayo kwenye droo inayofahamika. Filamu ya Kikombe cha Sita aliiona sinema mara tatu, peke yake, kiti cha nyuma, na kila mara ukumbi mzima ulipovuta pumzi kwa pamoja, pale mpelelezi anapokitazama kikombe, alijivunia na kuumia kwa wakati mmoja, akatoka kabla taa hazijawashwa. Ni haki kusema pia kwamba hakuna mwisho mwingine wa marehemu uliowahi kuwafanya watu wavute pumzi namna ile, wahakiki waliliandika hilo, na mdogo wake aliwasoma wahakiki hao kwa furaha isiyompasa dada wa mtu.

Msidhani walikuwa hawapatani. Walitembeleana, walicheka, mdogo wake alimlelea kaka watoto ambao mpaka leo wanamwita shangazi kwa mapenzi, na hakuna sikukuu ya kuzaliwa ya marehemu ambayo hakuihudhuria. Ila kila walipokaa wawili tu palikuwa na kitu cha tatu kimekaa nao, na wote wawili walikizunguka kama watu wanaozunguka ndoo iliyowekwa katikati ya chumba.

Mwezi Machi 2023 marehemu aligunduliwa na ugonjwa wa figo, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, Jumanne kwa zamu ya mdogo wake, Alhamisi kwa zamu ya mkewe na Jumamosi kwa zamu ya binti yake, akakonda, akapoteza hamu ya kula, lakini hakupoteza ulimi, na mara kwa mara aliwakosoa wauguzi jinsi wanavyoingia wodini, akisema hakuna mhusika anayeingia hivyo. Jumanne ya tarehe 6 Agosti 2024, mashine ikiwa inazunguka, alitoa chini ya mto bahasha ya kaki, imebandikwa, ina sahihi, akamwekea mdogo wake mkononi, bahasha ya kwanza baada ya miaka thelathini na mitano, na maneno aliyoyasema yamenukuliwa hapa kama alivyoyasema.

"Historia yangu utaiandika wewe, kuanzia kuzaliwa mpaka kufa. Ukurasa wa mwisho nimeshauandika. Na safari hii usiuguse."

Safari hii. Mdogo wake aliyasikia maneno hayo mawili, akafungua mdomo, muuguzi akaingia kubadilisha mrija wa mashine, marehemu akafumba macho kwa ujanja wake ule wa siku zote, na Jumanne iliyofuata walizungumza habari za mto kuwa mgumu. Alikuwa na nafasi ya kumuuliza tena Jumanne nane baada ya hapo. Hakumuuliza, kwa kiburi, na hilo ndilo jambo analolijutia kuliko zile kurasa kumi na moja. Bahasha ilikaa mezani kwake wiki tisa, na mara mbili alichemsha birika ili aifungue kwa mvuke, aone kama ametajwa au amesahauliwa, ilhali hata mbwa wa jirani hakusahauliwa, na mara zote mbili aliishia kunywa chai.

Marehemu alifariki Jumatano ya tarehe 9 Oktoba 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, wodi ya figo, kitanda cha dirishani, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, mkewe amemshika mkono wa kulia, mdogo wake yuko njiani, ndani ya lifti. Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, vitabu kumi na dada mmoja.

Karatasi za mdogo wake zimeishia hapa. Wifi yake sasa anaikata bahasha kwa mkasi mbele ya macho yenu, na kilichomo, mwandiko wa penseli wa marehemu mwenyewe, kitasomwa neno kwa neno.

Nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, hasa yule mwenye mikono ya baridi aliyekuwa akiniomba radhi kabla ya kila sindano. Nawashukuru majirani walioacha kupiga honi getini tangu nilipoanza kuumwa, mnaweza kuendelea. Nawashukuru wenzangu wa filamu na vijana wangu wa kadi za rangi, msiwape wahusika wenu maneno mengi. Namshukuru mke wangu, ambaye najua ameshachungulia mwisho wa karatasi hii. Sura ya mwisho ya Kikombe cha Sita iliandikwa na mdogo wangu. Nililijua hilo nikiwa nimesimama pale kwa mchapishaji, na nilijua ameitoa wapi, kwa hiyo sikuweza kumgombeza bila kujitaja. Nilimwonea wivu mpaka nikanunua kompyuta. Madaftari yake manane niliyasoma mara mbili, na sifa niliyopaswa kumpa ilinikwama kooni miaka yote hii, ni riwaya nzuri, nzuri kuliko saba kati ya zangu kumi. Nyuma ya karatasi hii nimemwandikia mchapishaji kwamba jina lake liwekwe kwenye kitabu juu ya langu, aipige chapa mwenyewe barua hiyo, kwa sababu yeye hakosei. Na jambo la mwisho, mama hayupo wa kuambiwa, lakini ninyi mpo. Sukari niliila mimi.

Ndiyo mwisho wa karatasi. Mdogo wake anawashukuru kwa kumsikiliza, na anaomba radhi kwamba neno lililobaki hawezi kulisema kwa kujiita mdogo wake. Kaka, pumzika, uwe na amani. Mwisho wako nimeusoma kama ulivyo, sijaugusa.